Benchi la Wajawazito

Damu ilikuwa ya Teryo, lakini watu wa uwanja wa majogoo walidhani ni ya jogoo, wakaendelea kulipigia kelele pambano lililofuata.

Jogoo mwekundu wa Bosi Ramiro alikuwa ameshinda. Alitolewa ulingoni bado ana hasira, wembe umefungwa mguuni, na Teryo akainama kumfungua. Ndiyo ilikuwa kazi yake: kufunga wembe kabla ya pambano, kuufungua baadaye, na kuwashona ndege waliorudi wakiwa hai. Mtu mmoja aliangusha chupa nyuma yao. Ndege akashtuka, akarusha teke, na wembe ukazama kwenye nyama ya chini ya kidole gumba cha Teryo mpaka ukagota mfupa.

"Umekatika wewe!" alisema Bening, msimamizi wa majogoo wa Bosi, rafiki yake tangu wote wawili walipokuwa vibarua wa kukata miwa.

"Nimekwaruzwa tu."

"Kukwaruzwa gani huko? Naona mpaka ndani!"

Teryo alikaa chini nyuma ya majukwaa, pale pale anaposhonea ndege, juu ya udongo uliochanganyika na manyoya, kinyesi na damu ya asubuhi. Akachukua sindano aliyotoka kumshonea jogoo kifua, akaushika uzi kwa meno, akaanza kujishona mwenyewe. Wanaume wakajaa. Mmoja alimmwagia tembo la mnazi mkononi, kidogo kwenye kidonda na jingi kwenye udongo. Bening alimshikia sigara mdomoni ili avute kati ya mshono na mshono. Alipomaliza alijinyunyizia unga wa njano wa dawa ya ndege, akakunja kiganja, akakikunjua, akawaonyesha.

Walimpigia makofi. "Mwanamume ndiye huyu!" wakasema, na mwenye duka la uwanjani akampa bia ya bure. Nawajua wengi waliopiga makofi siku ile, na baadhi yao hadi leo wakinisalimia naitikia shingo upande. Kidonda kirefu, kichafu, kimeshonwa na uchafu wake ndani, halafu watu wazima wanashangilia.

*

Nyumba ya Teryo ilikuwa ndani ya shamba la majogoo, kwenye ardhi ya Bosi. Ukifungua dirisha la jikoni unawaona ndege safu kwa safu, kila mmoja amefungwa kamba mguuni kando ya kibanda chake. Safu ya karibu kabisa na nyumba ilikuwa ya wale wa mashindano, maana hao ndio waliotakiwa kulindwa, na Teryo alilala sikio moja likiwa nje.

Mkewe, Minyang, aliuona mkono kabla hajaiona bia.

"Umeshonwa na nani?"

"Na fundi."

"Fundi gani?"

"Mimi."

Minyang aliweka chini sufuria ya wali. "Wewe mtu una akili timamu? Uzi wa kuku huo!"

"Uzi ni uzi, Minyang. Kuku mwenyewe kapona."

Binti yao Analiza aliingia akiwa ameshika kiuno. Alikuwa na mimba ya miezi sita, mumewe yuko Qatar anajenga maghorofa, naye alikuwa amerudi kujifungulia kwao. "Baba, nenda zahanati ukachomwe sindano ya pepopunda. Mkunga Perlita kila Jumatano anatuambia, mtu akikatika asikae nyumbani."

"Pepopunda ni ya misumari yenye kutu," alisema Teryo. "Wembe wangu una kutu? Kauangalie. Unaweza kunyolea ndevu. Nausugua kila siku kwa mafuta na spiriti."

"Anasema siyo kutu, Baba. Ni udongo na kinyesi."

"Basi ningekufa zamani. Mimi kinyesi cha kuku ndio manukato yangu." Wakacheka, hata Minyang, japo hakutaka. "Halafu nilishachomwa. Shuleni, darasa la kwanza. Tulipangwa mstari, Bening akazirai."

"Hiyo ya shuleni imeshaisha nguvu. Mtu mzima anatakiwa kurudia kila baada ya miaka."

"Mambo ya wanawake hayo. Wewe chomwa, una mtoto tumboni."

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo, ya ndege. Teryo hakukubali mtu mwingine aifanye kazi ile, mkono uwe umefungwa au haukufungwa. Mchana kutwa alipita safu kwa safu, Bening akimshikia ndege, yeye akidondosha dawa jichoni. Kijogoo kimoja kilikuwa na mafua kidogo na Bening akasema kirukwe mpaka wiki nyingine.

"Kirukwe?" Teryo alimkazia macho. "Hii ni ya nyongeza. Ukimchanja akiwa kifaranga ukaishia hapo, umefanya kazi bure. Kinga inaisha, hujui tu imeisha lini. Siku ugonjwa ukiingia utawazika wote."

Analiza alikuwa anaanika nguo. "Na nyongeza yako wewe lini, Baba?"

"Mimi kuku?"

"Kuku anakushinda!"

Bening alicheka mpaka ndege akamponyoka. Teryo naye alicheka, lakini usiku alimwambia mkewe kwamba kiganja kinapwita, na Minyang, ambaye alikuwa amechanjwa katika kila mimba yake na hakuwahi kulifikiria jambo hilo zaidi ya maumivu ya bega, alisema, "Jumatano utafuatana na mwanao. Usinibishie."

*

Jumatano Teryo alivaa shati safi. Alikwenda, hilo lazima niliseme kwa haki yake. Alitembea na binti yake mpaka zahanati ya mtaa, akaandikisha jina, akakaa kwenye benchi la nje, lile linalotazamana na barabara ya uwanjani. Jumatano ni siku ya wajawazito. Chanjo ya pepopunda hutolewa siku hiyo kwa sababu ndiyo siku ya wanaoichukua. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba wanaume hawaruhusiwi, na hakuna mwanamume aliyewahi kukaa pale.

Wanawake walimsogelea kwa utani. "Baba, ya kwanza hii?" aliuliza mmoja akijipapasa tumbo. "Usiogope, ya kwanza ndiyo huwa ngumu."

"Kichefuchefu kimeisha?" akadakia mwingine.

Teryo alicheka nao. Hao hawakumsumbua, aliwajua wote tangu wanatambaa. Alikuwa ameuficha mkono mfukoni na macho ameyaelekeza kwenye bango la kunyonyesha, akisubiri zamu yake kama mtu anayesubiri hukumu ndogo.

Kisha mlango ukafunguliwa na Mkunga Perlita, bila kuinua uso kutoka kwenye trei yake, akaita kama anavyoita kila Jumatano, "Anayefuata, mama!"

Hapo hapo pikipiki mbili zilikuwa zinapita barabarani, zimebeba vikapu vya ndege. Bening alikuwa kwenye ya mbele. Alimwona. Akasimamisha pikipiki katikati ya barabara, akaweka mikono mdomoni kama mtangazaji wa uwanjani.

"Mama Teryo! Miezi mingapi?"

Wenzake wakapasuka kwa kicheko. "Ni ya nani?" alipaza mwingine. "Ya jogoo mwekundu!"

"Mwacheni mwenzenu, anatamani embe bichi!"

Na wanawake pia wakacheka, hata Analiza, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Mkunga alitoka nje na sindano mkononi, akasema, "Nyie washenzi, shukeni na nyie mkae hapa!" Wakaondoa pikipiki mbio, wakipiga honi.

Teryo alisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nafuata sigara," alimwambia binti yake.

"Baba, wewe ndiye unayefuata."

"Nakuja sasa hivi. Tangulia wewe, mimi nitaingia baada yako."

Analiza aliingia akachomwa. Alipotoka, akisugua bega, nafasi ya baba yake ilikuwa imekaliwa na mama mwingine. Mkunga Perlita aliuliza, "Mzee yuko wapi?" Analiza akasema atarudi. Mkunga alikuwa na watu kumi na kitu bado, na joto, na barafu ya kwenye kasha la dawa inayeyuka. Akaita anayefuata.

Nyumbani Minyang alimuuliza mumewe, "Umechomwa?"

"Tayari," alisema Teryo.

Analiza alimwangalia baba yake. Baba yake akamwangalia kwa macho ya kuomba, na yeye, maskini, akanyamaza. Hakutaka kumwaibisha mara ya pili siku moja.

*

Jumatatu iliyofuata Teryo alishindwa kutafuna. Minyang alimpikia samaki mkavu na wali, naye akausukuma wali mdomoni kwa kidole kama anayeziba tundu la ukuta.

"Jino?" aliuliza Minyang.

"Taya. Limekaza tu." Sauti ilitokea kwenye meno. "Jana nilifunga nyembe kutwa nzima, nikarudi nikanawa maji ya baridi mwili ukiwa moto."

Sote tuliokulia huku tumefundishwa hivyo: mwili wa moto usikutane na maji ya baridi, mishipa itajikunja. Minyang hakuhitaji maelezo zaidi. Alimwita Bibi Basyon, mkandaji, aje na mafuta yake ya nazi na tangawizi. Kidonda chenyewe kilikuwa kimefunga vizuri juu. Kilikuwa kizuri kukitazama.

Bibi Basyon aliweka vidole chini ya masikio ya Teryo, akaanza kukanda kuelekea kidevuni. Alikuwa mtaalamu, mikono yake imewanyoosha watu wengi mgongo. Teryo alikaza shingo. Kisha midomo ikavutika pande zote mbili, meno yakaonekana yote, na Analiza akasema, "Baba, unacheka nini?"

Hakuwa anacheka. Mgongo wake ulinyanyuka kutoka kwenye mkeka, akabaki ameegemea kisogo na visigino, katikati pangepita paka. Sauti aliyoitoa puani sitaieleza. Bibi Basyon aliruka nyuma akapiga ishara ya msalaba.

"Hii siyo mishipa," alisema. "Minyang, hii siyo kazi yangu. Mpeleke hospitali."

"Lakini alichomwa sindano!" alilia Minyang. "Jumatano iliyopita alichomwa!"

Analiza alikuwa amekaa sakafuni, mikono juu ya tumbo. "Hakuchomwa, Mama," alisema. "Bening na wenzake walimcheka. Akaondoka."

Minyang alimtazama binti yake, kisha mumewe, ambaye mwili ulikuwa umemlegea na jasho linamtiririka, macho wazi, anasikia kila neno. Alikwenda kutafuta gari.

*

Gari la wagonjwa la mtaa lilikuwa mjini. Ilikuwa wiki ya sikukuu ya mtakatifu wetu, na mwenyekiti alilituma likachukue spika za muziki na warembo wa mashindano ya uzuri. Dereva alisema kwenye simu kwamba atakuja Jumanne asubuhi, akishashusha spika. Pikipiki zilikuwepo, lakini ukimgusa Teryo tu mwili ulijikunja upya, na muungurumo wa injini peke yake ulimkunja kabla hajaguswa. Mkunga Perlita alikuja kwa miguu, akamtazama kutoka mlangoni, akarudi nyuma taratibu na kumvuta Minyang nje.

"Ni pepopunda," alinong'ona. "Zimeni taa, fungeni madirisha. Msimguse, msiongee. Kila kelele inamvunja. Nitalipigia simu hilo gari mpaka lije."

"Msiongee," alirudia Minyang, na palepale jogoo akawika.

Usiku majogoo walitulia kidogo. Lakini Jumanne kulipopambazuka, shamba zima lilianza. Waliokulia na kuku hawawasikii tena, na Minyang alikuwa hajawasikia kwa miaka mingi. Asubuhi ile aliwasikia mmoja mmoja. Jogoo wa kwanza aliwika chini ya dirisha na mgongo wa Teryo ukapinda. Wa pili akamjibu, ukapinda tena kabla haujashuka. Safu ya mashindano, wale wakali, waliolishwa mayai na vitamini, walikuwa hatua chache kutoka kwenye kichwa cha mumewe, wanashindana kwa sauti.

Alikimbia nje akawafunika kwa vikapu na magunia. Wakawika ndani ya vikapu. Alifikiria kuwakata kamba, lakini hao wakifunguliwa wangeuana kwa kelele kubwa zaidi. Akamwona Bening anakuja na ndoo ya chakula.

"Bening, naomba uwahamishe hawa. Hii safu tu. Wapeleke kule kwenye miwa. Kaka, nakuomba."

Bening aliweka ndoo chini. Alikuwa ameshasikia, uso ulimshuka. "Teryo anaendeleaje?"

"Kila wakiwika anakufa kidogo. Wahamishe."

"Dada, hawa wanapigana Jumamosi. Ukimhamisha ndege wiki ya pambano anachanganyikiwa, hali chakula. Bosi ataninyonga."

"Mpigie."

Bening akampigia. Aliongea akiwa amempa Minyang mgongo, "ndiyo bosi, naelewa bosi, hapana bosi, ni mkewe." Akarudi akiwa anaangalia viatu vyake. "Anasema poleni sana. Anasema ndege wasiguswe. Atawatumia kitu cha kusaidia hospitali baada ya mashindano."

"Baada ya mashindano."

"Ndivyo alivyosema, dada. Mimi ni mtumwa tu hapa, unanijua."

Jogoo mwekundu, yule yule, alinyoosha shingo ndani ya kikapu akawika kwa muda mrefu. Kutoka ndani ya nyumba ile sauti ya puani ikamfuata.

Minyang aliingia jikoni akatoka na kisu cha samaki. Bening alidhani ni cha kwake, akarudi nyuma. Lakini alipita, akapiga magoti kwenye kibanda cha kwanza, akakibinua kikapu, akamkamata jogoo mabawa na shingo kama alivyochinja kuku wa jikoni maisha yake yote, akamkata. Akaenda wa pili.

"Dada Minyang! Wewe! Unajua huyo bei yake?"

"Usipige kelele," alisema Minyang kwa sauti ya chini. "Mgonjwa yuko ndani."

Alimaliza safu nzima. Bening alisimama, mikono kichwani, hakumzuia, wala mimi sijui kama ni kwa woga au kwa kitu kingine. Ndege wa safu za mbali waliendelea kuwika, ila kwa mbali, na ndani ya nyumba pakatulia. Minyang alikaa kwenye kizingiti, mikono imejaa damu mpaka viwikoni, akasikiliza utulivu ule, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.

Ndipo ilipoanza kusikika king'ora. Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja barabara ya miwa, dereva amewasha kila kitu, taa na ving'ora, bila shaka akijisikia mtu wa maana sana. Minyang alikimbia kuelekea barabarani na kisu chake, anapunga mikono miwili, mdomo wazi bila kutoa sauti. Dereva alipomwona mwanamke mwenye damu na kisu katikati ya njia, alifunga breki na kuzidisha king'ora.

*

Hospitali ya mkoa walimweka chumba cha peke yake mwisho wa korido, pazia zito dirishani, pamba masikioni. Walimtoboa koo ili apumue. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliwaita Minyang na Analiza pembeni.

"Mara ya mwisho alichanjwa lini?"

"Darasa la kwanza," alisema Analiza.

"Ana miaka mingapi?"

"Hamsini kasoro kidogo."

Daktari alijifuta uso. "Wanaume wote ninaowapokea na ugonjwa huu ni hivyo hivyo. Wake zao wamechanjwa mara nne, mara tano, kwa ajili ya mimba. Wao walichanjwa utotoni, wakasahau. Angekuwa anarudia sindano zake, hiki kingekuwa kidonda tu, angekuwa kazini leo."

"Na sasa?" aliuliza Minyang.

"Sasa tunampa dawa ya kuzuia sumu, lakini ile iliyokwisha kushika mishipa haing'oki. Lazima iishe yenyewe. Tunamsubiri. Mama, unaruhusiwa kukaa naye, ila usimguse, usimsemeshe, usilie. Ukisikia kilio kinakuja, toka nje."

"Ananisikia?"

"Anasikia kila kitu. Akili yake ni nzima. Ugonjwa huu ungekuwa na huruma ungechukua akili kwanza."

Basi Minyang alivua kandambili mlangoni akaingia miguu mitupu. Alikaa kwenye kiti alichokifunga vitambaa miguuni ili kisikwaruze sakafu. Alijifunza kukohoa ndani ya khanga ya Analiza, kufungua mfuko wa mkate nyuma ya milango mitatu. Mumewe aliyeishi naye tangu akiwa msichana alikuwa hapo, mkono unafikika, naye hakuruhusiwa kuushika. Alikuwa na mengi ya kumwambia na karibu yote yalikuwa matusi. Aliyameza. Alimtazama tu, na Teryo, kwenye giza lile, alimtazama yeye, na mara nyingine machozi yalimtoka bila uso kubadilika, kwa sababu uso haukuwa wake tena.

Siku moja nesi kijana aliangusha beseni kwenye korido. Baada ya hapo moyo wa Teryo haukukaa sawa. Ulikwenda mbio, ukasita, ukaenda mbio. Daktari alikuja akatoka, akaja tena.

Jumapili mchana Bening alifika na mfuko wa machungwa. Alikuwa pia na ujumbe wa Bosi kwamba nyumba itahitajika kwa mfungaji mpya wa nyembe, na kwamba ndege waliochinjwa watazungumzwa baadaye, lakini aliona afadhali aanze na machungwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasubiri aonwe.

Ndani, daktari aliinama juu ya Teryo kwa muda mrefu. Kisha akanyooka, akamwambia nesi kitu. Nesi alikwenda dirishani akalivuta lile pazia zito mpaka mwisho. Pete za chuma zilikwaruza juu ya bomba kwa kelele kubwa, na jua lote la mchana likamwangukia Teryo usoni. Hakushtuka.

Hapo Minyang akajua.

"Pole sana, mama," alisema nesi, kwa sauti ya kawaida, ya kwanza kusikika chumbani mle. "Sasa unaweza kulia."

Minyang alisimama. Alifungua mdomo, na kwanza hakikutoka kitu. Koo lilikuwa limezoea. Analiza alimshika mkono, na ndipo sauti ilipokuja, yote kwa pamoja, ikasikika mpaka ngazi za chini ambako watu walikuwa wanapanga foleni ya dawa.

"Ulimwonea haya nani, Teryo?" alipiga kelele. Alimkamata mabega, akamtikisa. "Niambie! Ulimwonea haya nani? Mpumbavu wewe, mpumbavu, ulimwonea haya nani?"

Alikuwa anamuuliza maiti. Lakini mlangoni mtu akajibu, taratibu, akiiminya kofia yake. "Mimi, dada. Alinionea haya mimi."

Minyang aligeuka. Alimtazama Bening kana kwamba anatafuta mahali pa kumpiga, na wote waliokuwemo walidhani atampiga. Hakumpiga. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Na wewe?" aliuliza. "Umeshachanjwa?"

Bening aliinamisha kichwa. Chungwa moja lilianguka kutoka kwenye mfuko likabingirika mpaka chini ya kitanda, wala hakulifuata.

"Nilipita zahanati Jumatano hii," alisema. "Benchi lilikuwa limejaa wanawake."